Baiskeli Kwenye Makinga Maji

Novemba 16, Jumamosi

Wamekata tuta jingine leo. Nilikuwa chini shambani nikikusanya visiki, nikaona udongo mwekundu unamwagika juu ya nyasi. Halafu nikasikia kicheko cha mdogo wangu Masudi, na baiskeli ikaruka pale tuta lilipokuwa.

Haya si matuta ya viazi. Ni makinga maji. Yanakizunguka kilima mkanda baada ya mkanda, kutoka karibu na kilele hadi mpakani mwa shamba langu, na kazi yake ni moja: mvua ikinyesha, maji yasimame na kuzama, yasiteremke na udongo wetu. Kabla sijazaliwa kilima hiki kilikuwa makorongo matupu. Serikali ikaondoa ng'ombe wote, watu wakachimba matuta kwa mikono, nyasi zikarudi. Kila mtu hapa anaijua habari hiyo, na kila mtu amekaa kimya.

Klabu ya baiskeli ya Dodoma inataka njia ya mashindano ya milimani. Tangu lami ifike Kondoa, wanasema, vilima vyetu viko jirani na mjini. Njia ianzie juu, ishuke hadi bondeni, na mashindano yafanyike baada ya Idi. Masudi ndiye kiongozi wa wachimbaji. Kwake tuta ni mahali pa kurukia tu. Analikata katikati, analainisha kingo zake, anarudi nyuma, anapanda baiskeli.

Shamba langu ndilo la kwanza chini ya matuta. Mama alilirithi kwa baba yake, akanipa mwaka jana niliporudi kutoka chuo na cheti ambacho hadi leo hakuna ofisi iliyokitaka. Ni kitu pekee ambacho mtu akiuliza ni cha nani, jibu ni jina langu.

Naandika hapa ili nisiyaseme jikoni.

Novemba 17

Nimeyasema jikoni.

"Masudi, mvua ikija maji yatapita wapi?"

"Yatapata pa kupita, dada. Tumeyachongea njia nzuri." Akamtazama Mama, na Mama akacheka huku akisonga ugali.

"Yatapita shambani kwangu."

"Nchi nzima inaomba mvua," akasema, "wewe peke yako unaiogopa. Hicho ndicho walichokufundisha?"

Mama akaniambia nilete sahani. Majirani humwita Mama Masudi. Mimi ndiye niliyezaliwa kwanza.

Novemba 21

Nilikwenda kwa baba mkubwa Yahaya, mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji. Nilimkuta barazani anasokota kamba.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na uso wa kesi."

Nikamweleza. Nikamkumbusha kwamba mbuzi wa jirani yetu alionekana kilimani mara moja tu, na kamati ikamshika ikamfunga ofisini. Hawa wanakata makinga maji mchana kweupe, na kamati inawapa majembe.

"Mbuzi anakula majani," akasema. "Baiskeli haili."

"Baba mkubwa, wewe mwenyewe uliwaswaga ng'ombe wa babu hadi tambarare, ukawaacha kwa watu, ili kilima hiki kipone."

Mikono yake ikasimama. Nilidhani nimemgusa.

"Niliwaswaga nikiwa kijana," akasema. "Hawakurudi wote. Na waliorudi hawakuwa wetu tena, walikuwa wamezoea mwito wa watu wengine. Kilima hiki kilitunyang'anya, Batuli. Sasa nacho kitupe kitu."

Akaendelea na kamba yake.

Desemba 7, Jumamosi

Watu wa klabu wamekuja na gari lenye baiskeli mgongoni. Wana kofia ngumu, glavu, na chupa za maji zenye mirija. Kiongozi wao ni dada mmoja anaitwa Devota, anakaa Area D kule Dodoma, anaongea haraka kama mtu anayelipia dakika. Alinifuata akanyoosha mkono.

"Wewe ndiye dada yake Masudi? Hongera. Masudi amesema hamna shida na lile shamba, ndiyo patakuwa finishi."

"Patakuwa nini?"

"Mwisho wa njia. Panahitaji tambarare, watu wafunge breki. Hapa kote ni pale tu palipo sawa."

Nikamtazama Masudi. Alikuwa ameinama anachunguza breki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Desemba 9

Nimelima tangu asubuhi hadi jioni.

Desemba 19

Mvua ya kwanza. Nimepanda ulezi peke yangu, tangu alfajiri hadi mgongo uliponikatalia. Masudi alipita juu ya tuta la mwisho na baiskeli yake akipiga mluzi. Hakuniuliza kama nimekula.

Desemba 28, Jumamosi

Jana nilikata matawi ya mgunga nikayapanga mpakani, pale njia yao inapoingilia shambani. Leo wameshuka watano kwa mpigo, na wote wakatobokewa tairi. Kijana mmoja wa klabu, Mudrick, aling'oa mwiba mrefu kama kidole kutoka kwenye tyubu yake, akauinua juu wenzake wauone.

"Jamani, huyu dada ana roho ya mgunga."

Wakacheka. Nami nilikuwa nimesimama kwenye ulezi unaoanza kuchungulia, nikisikia raha ambayo sijaisikia tangu nirudi. Naiandika kwa sababu ni kweli. Ilikuwa raha, na ilinishibisha kuliko chakula.

Jioni Masudi alikula nje. Mama akaniambia, "Miiba huwekewa fisi, si ndugu."

"Fisi naye akija hajitangazi kwamba ni fisi."

"Una maneno," akasema. "Ni wewe tu uliyepewa maneno katika nyumba hii."

Januari 4

Miiba yangu imeondolewa. Nimeikuta jikoni. Mama anaipikia maharage.

Januari 11, Jumamosi

Mvua ilianza saa za adhuhuri, nzito, ya mfululizo. Nilikwenda shambani nikiwa nimejifunika mfuko wa mbolea. Nilitaka kuona kwa macho yangu, nisije nikaambiwa nimeota.

Tuta la juu lilizuia maji kwa muda. Nyuma yake pakawa na kidimbwi kirefu chenye povu, kama inavyotakiwa. Kisha maji yakaliona pengo. Sijui niandike vipi bila kuyafanya yaonekane na akili. Yalijikusanya kutoka kulia na kushoto, yote yaliyotakiwa kuzama kwenye tuta zima, yakaja kwenye upenyo mmoja wa upana wa usukani, yakashuka kwenye njia ya baiskeli, iliyo ngumu na laini kwa sababu Masudi na wenzake waliishindilia. Kwenye tuta la pili yakakuta pengo jingine linasubiri. Yalipofika kwangu hayakuwa maji ya mvua, yalikuwa mto.

Yalipita katikati ya ulezi. Nilipanga mawe, yakayasukuma. Nilikaa mwenyewe mbele yake, kwa ujinga, kama vile yangenizunguka kwa heshima. Yaliniacha na matope hadi kiunoni. Mvua ilipokatika nilikuta mfereji unaonifika goti, na mchanga mweupe umefunika miche pande zote mbili.

Nilipotazama juu nilimwona Masudi amesimama kwenye tuta na mwavuli wa Mama. Alikuwa ameona yote. Aliondoka bila kuteremka.

Januari 13

Nimeziba pengo la chini kwa mawe. Kuziba mapengo mengine kunataka watu. Kwetu kazi kubwa ya shamba mtu haifanyi peke yake: anapika togwa, mtu mzima wa ukoo anawatangazia msikitini Ijumaa, na Jumapili majirani wanakuja na majembe yao. Hata mtu mnayegombana naye anakuja. Anafanya kazi bila kukusalimu, anakunywa togwa yako, anakwenda zake. Baba mkubwa amekubali kutangaza. Hakukunja hata uso.

Januari 19, Jumapili

Togwa ilikuwa nzuri, ya ulezi wa mwaka jana. Nilibeba mtungi hadi chini ya tuta la mwisho asubuhi, nikapanga vikombe vya kuazima juu ya jani la mgomba, nikaanza kuchimba ili watu wanikute kazini.

Hakuja mtu. Nilichimba. Jua likapanda. Nilimwona mke wa jirani akipita njia ya juu na jembe begani, nikasimama, nikafuta mikono. Alikata kona kuelekea shambani kwake. Aligeuza uso upande wa pili kama mtu anayepita harusini asikoalikwa.

Nimerudi na mtungi umejaa. Nimepita nao katikati ya kijiji, kwa sababu njia nyingine ya kurudi nyumbani haipo.

Januari 20

Nilidhani ni baba mkubwa. Nilimfuata nikiwa nimejiandaa kumvunjia heshima. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilitangaza. Uliza yeyote aliyeswali. Watu wakasema tutakuja. Usiku wake mama yako akapita nyumba kwa nyumba."

Nilimkuta Mama anapeta mahindi.

"Uliwaambia wasije?"

Hakukana. "Niliwaambia wasubiri."

"Wasubiri nini? Shamba liishe?"

"Mashindano yapite." Aliendelea kupeta, pumba zikaruka kati yetu. "Baba yenu alikwenda machimboni Mererani nikiwa namnyonyesha Masudi. Alisema anarudi akipata jiwe. Masudi alishafunga begi mwaka jana, wewe hukuliona. Hizi baiskeli ndizo zilizolifungua. Wewe una cheti, utakwenda popote, watu watakupa kiti. Yeye ana kilima hiki tu."

"Na mimi nina shamba hili tu."

"Wewe utaolewa."

Nimewahi kusikia watu wakisema moyo umekuwa baridi, nikidhani ni maneno. Nilimwona mwanamke anapeta mahindi, nikaona kwamba simjui. Alinipa shamba kwa mkono mmoja, akayaachia maji kwa mkono mwingine. Na kibaya zaidi, nilimwelewa. Sikutaka kumwelewa.

Januari 25

Mawe yangu yametupwa bondeni. Nimeyarudisha.

Januari 26

Yametupwa. Nimeyarudisha.

Januari 27

Vilevile.

Februari 9

Mvua kubwa jana mchana kutwa. Mfereji umekuwa korongo. Nikisimama ndani, ukingo unanifika kifuani. Linapanda juu kila linapobomoka: limeshaimeza sehemu ya tuta la mwisho na linaanza kula njia yao wenyewe. Ulezi ulio upande wa mashariki uko hai. Wa magharibi siwezi kuufikia bila kuzunguka.

Februari 15, Jumamosi

Masudi ameanguka.

Devota alikuwa amepiga simu kuuliza kama njia iko salama baada ya mvua. Masudi akamjibu iko safi, kisha akapanda kileleni kwenda kuhakikisha alichokwisha kusema. Nilimwona akishuka. Anaendesha vizuri, siwezi kudanganya. Analala kwenye kona kama maji. Aliruka tuta la kwanza, la pili. Pale palipokuwa na mteremko wa mwisho palikuwa na ukingo wa korongo, na kutoka juu hauonekani kwa sababu ya nyasi.

Nilikimbia kabla sijakumbuka kwamba simpendi.

Alikuwa chini kabisa, baiskeli juu yake, gurudumu bado linazunguka. Mfupa wa bega ulikuwa umechomoza chini ya ngozi. Akaniambia, "Usinivute," kwa sauti ya utotoni. Nilimfunga mkono kwa kanga yangu, nikakaa naye kwenye matope hadi vijana wake walipokuja na machela ya miti. Nilikuwa nimemshika kisigino, sijui kwa nini kisigino.

Amelazwa Kondoa mjini.

Februari 17

Wanasema nimemlaani. Kisimani mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, makusudi nisikie: "Mwenye kusoma akikasirika, hata ardhi inafunguka." Nilichota maji yangu. Sikumwaga hata tone.

Mama harudishi salamu yangu.

Februari 22, Jumamosi

Devota amekuja peke yake, bila baiskeli. Alipita kila pengo akipiga picha, akateremka korongoni na viatu vyake vyeupe, akatoka vyekundu.

"Nani alisema njia ishuke moja kwa moja hivi?"

"Ninyi."

"Sisi tulituma ramani yenye kona, inayolizunguka shamba. Masudi akasema wenyeji wameshauri ya kukata katikati, watu waruke matuta."

"Na mlikuja mara ngapi mkayaruka?"

Alikung'uta tope kwenye kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Tulifurahia. Lakini mashindano hayapiti hapa. Sijaja kukusaidia wewe, tuelewane. Sitaki mtu afie chini ya bango letu."

Nilimpenda kidogo kwa kusema hivyo, halafu nikaacha.

Machi 11, Jumanne, Ramadhani

Baba mkubwa aliitisha kikao. Alikuwa na wazo: klabu inakataa njia kwa sababu ya korongo, basi korongo lijazwe mawe na kifusi, shamba lote lisawazishwe liwe uwanja wa kumalizia, na Devota akiona uwanja atageuza uamuzi. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji, sisi kwenye mikeka. Ilikuwa alasiri, midomo ya kila mtu mikavu. Masudi alikaa karibu na mlango, mkono umefungwa kifuani.

Nilisimama nikasema shamba ni langu.

"Kaa, mwanangu," akasema baba mkubwa, taratibu. "Hatugombani. Mwenye shamba ni mama yako, alilirithi kwao. Kamati inamwomba athibitishe tu mbele ya watu. Mama Masudi, shamba lile ni la nyumba yako, hukulitoa kwa mtu. Ndivyo?"

Wote waligeuka. Nilitazama mgongo wa Mama. Nilikuwa nimeshalipoteza. Nilikuwa nimeanza hata kufikiri nitafunga nini kwenye begi.

"Shemeji," Mama akasema, "mimi nimefunga."

"Sote tumefunga."

"Basi ungeniuliza mwezi uliopita, wa Shaabani. Shaabani ningekujibu unavyotaka."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akaguna kicheko, akafunika mdomo kwa mtandio. Kikasambaa mkeka mzima. Baba mkubwa akasubiri, akajaribu kutabasamu.

"Nilimpa Batuli," Mama akasema. "Nilimpa kwa mdomo wangu mwenyewe baada ya alizeti kuvunwa. Na humu ndani wamo walionisikia, naona wanatazama mikeka. Lile ni shamba la Batuli. Mkitaka kulichimba, mwombeni yeye."

Akakaa. Masudi alikuwa ametoka nje.

Njiani nilimkimbilia. Nilitaka kumshika mkono.

"Usinishukuru," akasema. "Nimeilinda funga yangu. Wewe sijakulinda."

Machi 16, Jumapili

Wamekuja. Wale wale wa togwa ile, na majembe yao. Njia imehamishiwa upande wa pili wa kilima, baba mkubwa ametangaza upya, na safari hii hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba. Togwa haikuwepo kwa sababu ya mfungo. Nilikuwa na kipimo changu cha miti mitatu na uzi, nikapima usawa wa kila tuta, wao wakachimba na kushindilia mahali nilipoweka alama.

Nilitaka waone haya. Hawakuona haya. Waliongea habari za bei ya ulezi na mtoto wa nani kaposa wapi, na kufikia alasiri mapengo yote yalikuwa yamezibwa. Mama alifanya kazi kwenye tuta la juu kabisa, mbali na langu. Nilipopanda kupima lake, lilikuwa sawa.

Aprili 7

Mvua nzito. Maji yalisimama nyuma ya matuta mpaka jioni, kisha hayakuwepo. Nilikaa nikiyatazama yakipungua. Sikuwa na mtu wa kumwita aone.

Aprili 19, Jumamosi

Mashindano yamefanyika upande wa pili wa kilima, kwenye njia ya mikokoteni, yakaishia uwanja wa mpira. Kijiji chote kilikuwepo. Mimi nilipalilia. Nilisikia shangwe, na mara mbili nilisimama nikajiuliza ni za nani. Masudi hakushindana. Inasemekana alishika kipaza sauti, akawachekesha watu sana.

Hakufunga begi. Mama alilitazama lile begi jana nilipokuwa nafagia, akaona nimemwona.

Mei 24, Jumamosi

Navuna. Upande wa magharibi hauna kitu, ni mchanga na korongo, na litachukua miaka kupona. Wa mashariki una masuke mazito, yamejikunja kama ngumi. Navuna kwa kisu kidogo, nakata suke, natupa kapuni.

Saa nne hivi nikasikia mnyororo wa baiskeli. Masudi alikuwa anaikokota kwa mkono mmoja, ule mwingine bado hauna nguvu. Siku zote yeye hupita tu. Amepita humu akipiga mluzi, amepita usiku na mawe yangu mikononi, amepita akiwa juu ya magurudumu. Leo alisimama mpakani. Gurudumu la mbele lilikuwa limegusa ukingo wa shamba, akalirudisha nyuma kidogo.

"Hodi," akasema.

Shamba halina mlango. Nilinyanyua macho nione kama anacheka. Hakuwa anacheka.

"Unataka nini?"

"Kupita tu, dada. Nifike barabarani. Kule juu kuna mzunguko, na bega linauma."

"Subiri."

Akaegemeza baiskeli kwenye paja, akasubiri. Jua lilikuwa kali na alipokuwa hapakuwa na kivuli. Nilimaliza mstari niliokuwa nao. Kisha nikaanza mwingine.